Boma limebakiza shilingi ngapi? Jinsi ya kukadiria gharama za kumalizia nyumba

Pembezoni mwa kila mji wetu, kuanzia Chanika na Bunju hadi Kisesa ya Mwanza, kuna maboma (nyumba ambazo hazijamalizika) yamesimama miaka na miaka, mipapai imeota sebuleni na kuta zimekuwa nyeusi kwa mvua. Kwa ninavyoona, mengi hayakukwama kwa sababu mwenyewe hana kipato kabisa. Yamekwama kwa sababu mwenyewe hakuwahi kujua imebaki kiasi gani. Alipaua kwa bati la bei ya juu, akabaki bila hela ya milango. Au aliweka marumaru chumba kimoja kwa furaha, kisha fundi bomba akaja kuzivunja apitishe bomba la maji machafu.

Tatizo linaanzia kwenye kuamini kwamba boma ni nusu ya nyumba. Ukuta unaonekana kutoka barabarani, kwa hiyo mtu anahesabu kazi kubwa imekwisha. Kilichobaki hakionekani: paa, lipu, jamvi (zege la sakafu), dari, madirisha, milango, umeme, maji, choo, marumaru, rangi. Kila kimoja kina vifaa vyake na fundi wake. Katika nyumba ya kawaida ya kuishi, fedha zinazotoka kuanzia kupaua hadi kuhamia ni nyingi kuliko zilizotoka kuanzia msingi hadi linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha). Ukilikubali hilo mapema, utakadiria kwa utulivu.

Kanuni ninayoitumia ni moja: vipimo na bei havikai safu moja. Idadi ya vifaa inatoka kwenye boma lenyewe, na haibadiliki mpaka ubadilishe ramani. Bei inatoka dukani, na inaweza kubadilika kabla ya mwezi kwisha. Anayekuambia "nyumba kama hii unamaliza kwa milioni ishirini" amezichanganya hizo mbili, na huna namna ya kujua wapi amekosea. Ukiwa na orodha ya vipimo, hata ukikwama mwaka mzima, unabadilisha safu ya bei tu na makadirio yanakuwa mapya.

Kwa mfano nitatumia boma moja hadi mwisho: mita 11 kwa 10, vyumba vitatu kimoja kikiwa masta (chenye choo chake ndani), sebule, jiko, na choo cha familia. Kuta ni za tofali la inchi 6, zimefika mita 3 kwenda juu, linta imemwagwa, ndani bado udongo.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kupima

Boma lililokaa nje misimu miwili mitatu ya masika si lile uliloliacha. Nenda na msumari wa inchi 4, timazi, pima maji na tepu ya mita 30. Kwaruza tofali kwa msumari sehemu kadhaa, hasa kozi (mistari ya tofali) za chini na upande unaopigwa na mvua. Tofali zuri linatoa alama nyembamba na sauti kali. Likimomonyoka kama mchanga na msumari ukazama bila nguvu, lilifyatuliwa kwa saruji kidogo au halikumwagiliwa, na ukuta huo usiupandishie paa kabla mtu mwenye taaluma hajauona.

Angalia nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye maungio ya tofali hauogopeshi sana. Ufa unaoshuka kwa ngazi kutoka kona ya dirisha hadi kwenye msingi, au unaopita katikati ya tofali, ni habari nyingine. Paka donge dogo la saruji juu yake, andika tarehe, acha mvua ipite. Donge likipasuka, msingi bado unatembea, na gharama ya kwanza katika orodha yako itakuwa mhandisi.

Tazama juu pia. Nondo za nguzo zilizoachwa wazi zikiwa na kutu ya juu juu husuguliwa kwa brashi ya waya. Zikibanduka vipande na kuwa nyembamba, zinakatwa na kuungwa upya. Shusha timazi kwenye kila kona. Ukuta ulioegemea sentimita mbili utakula lipu nene kuliko ulivyopanga, maana fundi atanyoosha kwa saruji yako. Mwisho, pima kila chumba kona kwa kona, mara mbili kwa kupishana. Vipimo visipolingana, chumba kimekaa upande, na marumaru zitakatwa nyingi zaidi pembeni.

Kila unachokiona andika kama kazi: "kubomoa na kujenga upya kozi 2 ukuta wa jiko", "kuunga nondo nguzo ya kibarazani". Hizi ndizo gharama zinazowashtua watu baadaye.

Hatua ya 2: Pima lililopo, siyo lililochorwa

Ramani inasema chumba ni mita 3.5 kwa 3.5. Boma linaweza kusema 3.4 kwa 3.6. Amini boma. Chora kwenye karatasi mchoro mdogo wa nyumba nzima, kila ukuta uandikie urefu, kila mlango na dirisha uandikie upana na kimo. Kama uko Muscat au Leicester na boma liko Mbagala, mwombe ndugu yako akupigie video akiwa ameshika tepu ukutani na namba inasomeka. Usikubali kipimo cha kukadiria kwa macho.

Kwa boma letu: kuta za nje zina mzunguko wa mita 42, kuta za ndani zikijumlishwa ni mita 34. Madirisha makubwa 8 ya mita 1.5 kwa 1.5, madogo 2 ya choo, milango ya nje 2, ya ndani 6. Ukitoa unene wa kuta, sakafu inabaki kama mita za mraba 98. Namba hizi chache zinatosha kutoa karibu kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 3: Panga kazi kwa mfuatano wake

Mfuatano ni sehemu ya bei, kwa sababu kazi iliyotangulizwa vibaya hulipwa mara mbili. Paa ndilo la kwanza. Baada ya paa, ukuta unachimbwa mifereji na kulazwa mabomba ya umeme na ya maji, fremu za milango zinasimamishwa, grili za madirisha zinafungwa. Hapo ndipo lipu inapigwa. Kisha jamvi, dari, skimu (unga wa kulainisha ukuta), rangi ya mkono wa kwanza, marumaru, milango, madirisha ya alumini, masinki na vyoo, taa na soketi, halafu mkono wa mwisho wa rangi.

Wapo mafundi wanaomwaga jamvi kabla ya lipu, na hakuna ubaya, mradi mabomba ya maji machafu yameshapita chini na dawa ya mchwa imemwagwa kwenye udongo. Dawa hiyo ni fedha ndogo leo. Mchwa wakishapanda kwenye fremu na kenchi (mbao zinazobeba paa), hakuna bei ndogo tena.

Fundi alumini asipime dirisha kabla ya lipu. Kingo za tundu zikishapigwa lipu, tundu linapungua, na dirisha lililokatwa mapema halitaingia.

Hatua ya 4: Geuza vipimo kuwa vifaa

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo twende taratibu.

*Paa.* Boma la mita 11 kwa 10 likiwekewa upenu (paa linalotokeza nje ya ukuta) wa sentimita 60 kila upande linakuwa mita 12.2 kwa 11.2, yaani mita za mraba 136.6. Hilo ni eneo la chini. Paa limeinama, kwa hiyo ni kubwa zaidi. Kwa mwinamo wa nyuzi 25 zidisha kwa 1.10, nyuzi 30 kwa 1.15, nyuzi 45 kwa 1.41. Ukichukua nyuzi 30, paa letu ni kama mita za mraba 158. Tazama tofauti ya 30 na 45: mtu anayetaka paa refu la kupendeza anaongeza zaidi ya moja ya tano ya bati ilhali nyumba ni ileile, bado hujahesabu mbao. Kama fedha ni ya kubana, mwinamo ndio mahali pa kwanza pa kuokoa.

Sasa bati. Tuseme paa ni la pande mbili. Kila upande una urefu wa mteremko kama mita 6.5, weka 6.6 kwa kukata. Bati la msauzi linakatwa kwa urefu unaotaka, lakini upana unaokuhusu ni ule unaofunika baada ya kulaliana, siyo upana wa bati zima. Muulize muuzaji namba hiyo. Ikiwa ni sentimita 80, basi 12.2 gawa kwa 0.8 ni bati 16 kila upande, 32 zote, mita 211 za kununua. Ongeza kofia kwa urefu wa mgongo, fishabodi (ubao wa kuziba ukingo wa paa) kwa mzunguko, na misumari ya bati. Paa la migongo mingi halina eneo kubwa kuliko hili kama mwinamo ni uleule, ila linakatwa vipande vya pembe tatu ambavyo vingi hutupwa, na linataka kofia nyingi na mifereji ya kona. Liwekee asilimia 15 badala ya 5.

Kumbuka geji: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Wauzaji wengine wanauza 32 kwa jina la 30. Ukiwa Bagamoyo, Kigamboni au Tanga karibu na bahari, chumvi ya hewani hula bati jembamba haraka, usibane hapo.

Mbao ziombe kwa fundi kwa maandishi, halafu mhakiki mwenyewe. Papi (mbao za kupigilia bati) ni rahisi kuhesabu: mteremko wa mita 6.5 na nafasi ya sentimita 90 ni mistari 9 kila upande, 18 yote, kila mmoja mita 12.2. Jumla mita 220, sawa na futi 720, yaani mbao 60 za futi 12, na kwa kuungana weka 65. Fundi akikuandikia 110, muulize nyingine 45 zinakwenda wapi. Huenda ana jibu zuri, lakini lazima awe nalo. Kenchi vilevile: urefu wa nyumba gawa kwa nafasi kati ya kenchi na kenchi, ongeza moja, kisha mchoree kenchi moja na uhesabu futi za 2x4 zilizomo. Chukua mbao zilizotiwa dawa. Nyingi zinatoka Mufindi, na ukinunua kwa wingi karibu na Mafinga bei ni tofauti na ya Buguruni, ila pigia hesabu usafiri kabla ya kufurahi.

*Lipu.* Kuta za nje kwa nje: 42 mara 3 ni 126. Upande wa ndani wa kuta hizo ni kama 122. Kuta za ndani zina pande mbili, kwa hiyo 34 mara 2 mara 3 ni 204. Wengi husahau kuzidisha kwa mbili, ndipo saruji inapoisha lipu ikiwa nusu. Toa matundu: madirisha na milango ya nje ni kama mita za mraba 22.5, yanatolewa ndani na nje. Milango ya ndani inatolewa pande zote mbili, kama 22.7. Tunabaki na 281 ndani na 104 nje, jumla 385.

Kwa lipu ya sentimita moja na nusu na mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tano, mfuko wa kilo 50 unapiga mita za mraba 8 hadi 10. Kwa 9, boma letu linataka mifuko 43. Mchanga ni kama mita za ujazo 2 kwa kila mita za mraba 100, kwa hiyo karibu mita za ujazo 8.

Na mchanga huo usiununue kwa "tripu" bila kujua tripu ni nini. Panda kwenye lori kabla halijamwaga, pima sanduku la nyuma: urefu mara upana mara kina cha mchanga. Sanduku la mita 3.6 kwa 2 lililojaa sentimita 50 ni mita za ujazo 3.6. Lingine linaitwa tripu ileile na limejaa sentimita 35, ni mita 2.5 tu. Kwa tripu tatu, umepoteza karibu tripu nzima. Chota na mkononi ufikiche: mchanga mzuri unadondoka, wenye udongo unaacha matope kwenye vidole. Wa baharini usiuguse kabisa, chumvi yake itatoka ukutani ikibandua rangi na kuozesha nondo.

*Jamvi.* Sakafu ya mita za mraba 98 kwa unene wa sentimita 10 ni zege mita za ujazo 9.8. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na kidogo, jumla kama 62. Kwa 1:3:6, ambao kwa sakafu ya kawaida ya chini wengi wanautumia, ni kama 44. Kabla ya hapo kuna kifusi au moramu ya kujazia na kushindilia. Pima kina kutoka usawa wa udongo ulivyo hadi chini ya jamvi, zidisha kwa 98, ongeza robo kwa sababu kinashuka kikishindiliwa. Boma lenye msingi mrefu kwenye mteremko linaweza kula kifusi malori mengi, na ndiyo gharama ambayo sijawahi kuona fundi anaitaja mwanzoni.

*Dari.* Bodi ya jipsamu ni mita 1.2 kwa 2.4, inafunika mita za mraba 2.88. Sakafu ya 98 gawa kwa 2.88 ni 34, weka 38. Chini yake kuna mbao za 2x2 za kushikilia, skrubu, utepe wa maungio na unga wa kuziba. Mapambo ya pembeni na yale ya duara katikati ya sebule ni hiari. Yaweke mstari wake peke yake ili uweze kuyafuta bila kugusa mengine.

*Marumaru.* 98 na asilimia 10 ya kukata ni 108. Marumaru za 60 kwa 60 huja nne kwa boksi, sawa na mita za mraba 1.44, kwa hiyo maboksi 75. Zikiwekwa kimshazari, weka asilimia 15. Kuta za choo na jiko pima peke yake. Nunua zote siku moja na usome namba ya rangi ubavuni mwa boksi, maana jina lilelile la marumaru kutoka mzigo mwingine huja na weupe mwingine, na ukiziweka pamoja sebuleni utaona mstari. Bakisha boksi moja stoo. Chini yake, kulaza saruji ya sentimita 3 kwa eneo lote kunakula mifuko kama 22 ambayo watu hawaiandiki. Kama unataka kuhamia kwanza, piga niru (saruji laini ya juu ya sakafu) nzuri na hizo marumaru zije miaka miwili baadaye, nyumba itakaa vizuri tu.

*Rangi.* Lita moja inapaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, nje kwenye lipu yenye kukwaruza hesabu 8. Ndani 281 mara mikono 2 ni lita 56, yaani ndoo 3 za lita 20. Nje kama lita 26. Dari ndoo 1. Bado hujaweka ya msingi wa kwanza wala unga wa skimu. Ukuta usiopigwa skimu unanywa rangi, kwa hiyo anayeruka skimu ili aokoe hulipa sehemu ya fedha hiyo kwenye ndoo.

*Milango na madirisha.* Hesabu moja moja: fremu, mlango, bawaba, kitasa, dirisha, kioo, grili, nyavu ya mbu. Mlango wa mninga na wa flashi unatofautiana bei mara kadhaa. Ya nje weka imara, ya ndani inaweza kuwa ya kawaida.

*Umeme.* Tembea chumba hadi chumba na chaki, chora alama kila utakapotaka taa, swichi na soketi, kisha hesabu pointi. Fundi umeme hutoza kwa pointi, na wewe ukiwa na idadi huwezi kudanganywa. Waya wa 1.5 ni wa taa, 2.5 wa soketi, jiko la umeme na hita vinataka mnene zaidi. Fundi lazima awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), kwa sababu TANESCO hawaunganishi bila fomu iliyogongwa muhuri wake. Viwango vilivyoanza Januari 2022 vilikuwa shilingi 27,000 vijijini, na mjini 320,960 kwa njia moja ndani ya mita 30 bila nguzo. Ukihitaji nguzo unalipa zaidi, kwa hiyo pima umbali wa nguzo iliyo karibu na uthibitishe kiwango cha sasa ofisini kwao.

*Maji na choo.* Mabomba, chemba, shimo la maji machafu na la kunyonya, tangi na mnara wake, ada ya kuunganishwa na mamlaka ya maji. Chimba kwanza shimo dogo la majaribio. Maeneo ya bondeni maji yanakutana nawe mapema, shimo haliwezi kwenda chini na inabidi liende kwa upana, likijengewa zege. Tofauti yake ni kubwa mno kuiacha kwenye kubahatisha.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo bei

Chukua orodha yako ya vifaa, iwe na safu tatu tupu, uende hadiwea tatu: moja mtaani kwako, moja ya jumla mjini, moja iliyo katikati. Uliza bei ikifika saiti, siyo bei ya dukani. Uliza kama ina VAT ndani, kwa sababu asilimia 18 inaweza kukuchanganya unapolinganisha. Saruji inatoka viwanda kama vya Wazo, Tanga, Mtwara na Mbeya, kwa hiyo aliye Kigoma au Bukoba analipia na safari. Asichukue bei ya shemeji yake wa Tegeta.

Mfano wa mstari mmoja: saruji ya lipu, mifuko 43, tuseme 17,000 saiti, jumla 731,000. Boma letu kwa lipu, jamvi na kulaza marumaru lina mifuko 127. Bei ikipanda 1,500 kwa mfuko, unaongeza 190,500, na unalijua hilo siku ileile badala ya kulijua fedha zikiisha.

Hatua ya 6: Hela ya ufundi

Usikubali ufundi wa asilimia ya vifaa. Ukichagua marumaru ghali, fundi analipwa zaidi kwa kazi ileile. Lipu, marumaru, skimu na rangi viwe kwa mita ya mraba, na vipimo unavyo. Umeme kwa pointi. Kupaua na choo kwa makubaliano ya kazi nzima. Andikeni nani analeta majukwaa na mirunda, nani analipa saidia fundi, nani anavuta maji, nani anamwagilia lipu siku zinazofuata. Mizozo mingi ya saiti inatoka kwenye mambo haya manne. Malipo yafuate kazi: sehemu ya kuanzia, sehemu katikati, na kiasi cha kutosha kibaki mpaka uikague.

Kama nyumba ni kubwa, au ina ghorofa, mlipe mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akutolee BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote kwa vipimo na bei. Ada yake hurudi kwenye vifaa ambavyo hukununua bure.

Hatua ya 7: Vinavyosahaulika

Maji ya ujenzi, hasa ukitegemea maboza. Mlinzi na stoo ya saruji yenye sakafu ya mbao, kwa kuwa saruji ikikaa zaidi ya miezi mitatu, au ikigusa unyevu, nguvu inapungua. Kushusha mizigo. Kuondoa uchafu na tofali zilizovunjika. Nauli zako. Kibali cha ujenzi kama hakikuwahi kuchukuliwa. Mifereji ya kuondoa maji ya mvua kuzunguka nyumba, maana yakituama kwenye msingi yatapanda ukutani na kubandua rangi mpya. Uzio na geti viwe kwenye karatasi nyingine kabisa, visije vikala fedha ya choo.

Juu ya jumla yote weka akiba: asilimia 10 kwa boma jipya ulilolisimamia, 15 kwa lililokaa, 20 kwa ulilonunua kwa mtu mwingine na hujui ndani ya msingi kuna nini. Akiba hiyo si ya kubadilisha bati liwe zuri zaidi. Ni ya ufa na shimo lililojaa maji.

Hatua ya 8: Gawa kwa fedha unayoipata

Chukua jumla, gawa kwa kiasi unachoweza kuweka kwa mwezi. Jibu likiwa miaka mitano, usianze kila kitu kwa pamoja. Tenga orodha mbili: ya kuhamia na ya kumalizia. Ya kuhamia ina paa lote, lipu ya ndani, jamvi, milango ya nje, grili zote, choo kimoja, umeme wa msingi, na vyumba viwili vinavyofungika. Lipu ya nje, dari ya sebule, marumaru, alumini na rangi ya nje vinaweza kusubiri ukiwa ndani, na kodi uliyokuwa unalipa mwenye nyumba inaingia kwenye saruji.

Panga paa limalizike kabla ya masika, mwisho Februari kwa ukanda wa Pwani. Usinunue saruji ya miezi sita ijayo. Bati na nondo unaweza kununua mapema na kuhifadhi vizuri. Rangi nunua mwishoni kabisa. Kila awamu ikikamilika, rudi kwenye karatasi, andika kilichotumika kweli kando ya kilichokadiriwa. Kama lipu ilikula mifuko 50 badala ya 43, tafuta sababu kabla ya kumwaga jamvi: huenda kuta zimeegemea, huenda mchanganyiko ulikuwa mwingine, huenda mifuko ilitoka usiku. Namba ya jamvi unaisahihisha kwa jibu hilo, na ya marumaru vilevile.